Sungura Naye Huzeeka

Tangazo la kutaka insha lilipobandikwa ubaoni muhula huu, wenzangu walikimbilia mada walizozizoea: ajali ya barabarani, mashindano ya soka, siku ya kwanza shuleni. Mimi nilipotamka kwamba nitaandika juu ya sungura mzee anayeumwa na viungo, bweni zima liliangua kicheko. "Baridi yabisi ya sungura? Bwana, wewe umeishiwa na maneno!" akasema mmoja huku akijishika mbavu. Wacheke tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sote tumelelewa na hadithi za Sungura. Ndiye amhadaaye Fisi, ndiye amkwepaye Simba, ndiye ampandaye Ndovu mgongoni akala asali yake. Hata kwa kina nyanya yangu huko Kajiado, ambako Wamaasai humwita enkitojo, ujanja wake ni ule ule. Lakini hebu nikuulize, ni nani aliyewahi kusimuliwa hadithi ya Sungura mzee? Katika ngano zetu Fisi huzeeka, Simba huzeeka mpaka akashindwa kuwinda, ila Sungura yu kijana milele.

Hata katika vizimba vyetu mambo ni hayo hayo. Kaunti yetu ya Kajiado ina kituo cha serikali cha kuzalisha sungura pale Ngong, na watu wengi wamewafuga kwa miaka na mikaka, lakini wamewafuga kwa ajili ya nyama. Sungura wa nyama hufikisha miezi minne au mitano hivi, akaingia chunguni. Viungo vyake havijapata hata muda wa kuchakaa! Ndiyo maana ukimwuliza mfugaji hodari wa Kitengela dalili za uzee wa sungura atakukodolea macho. Hajawahi kumwona sungura mzee. Kumbe mnyama huyu akitunzwa vyema huishi miaka minane, kumi, hata kumi na miwili.

Pamba wetu ni mmoja wa wachache hao. Baba alimnunua Desemba 2017 kwa jirani, akiwa na ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, mweupe pepepe, macho mekundu, wa ile aina iitwayo New Zealand White. Alikusudiwa awe mama wa sungura wengi, na kweli alizaa mara tatu nne hivi. Halafu ikaja Machi 2020, shule zikafungwa kwa sababu ya korona, nami na mdogo wangu tukabaki nyumbani miezi mingi bila rafiki wa kucheza naye ila Pamba. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumtaja pamoja na neno kitoweo. Isipokuwa mjomba. Yeye akija kututembelea humtazama Pamba, akameza mate, akasema, "Lakini huyu kilo tano hakosi."

Agosti 2025 nilifunga shule nikamkuta Koko yuko kwetu Kitengela. Koko ndilo jina tumwitalo nyanya mzaa mama. Alikuwa ametoka Kajiado kwa sababu ya magoti yake, ili awe karibu na hospitali. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini kama ilivyo desturi, kisha akarudi kuketi kwenye kiti chake uani, mahali jua la asubuhi hufika kwanza. Wasomaji mnaotoka sehemu za joto huenda hamjui baridi ya Kitengela mwezi wa Agosti. Upepo huvuma kutoka nyanda za Athi bila kizuizi, ukapenya blanketi, ukapenya sweta, ukapenya mpaka mifupa. Kizimba cha Pamba kiko hapo hapo uani. Basi kila asubuhi wazee hao wawili walikuwa wakiota jua pamoja.

Siku ya tatu Koko akaniita. "Huyu mnyama wenu," akasema, "anaamka kama mimi."

Sikumwelewa. Akaniambia nitulie nitazame. Pamba alikuwa amelala. Alipotaka kusimama alijivuta kwa miguu ya mbele, akatulia kidogo kana kwamba anafikiria, ndipo akaikusanya ile ya nyuma. Hatua mbili tatu za kwanza zilikuwa kavu, kama za mtu aliyevaa viatu vinavyombana. Baada ya muda alitembea vizuri, na mtu aliyefika saa nne asingeona lolote. "Mimi pia saa nne ukinikuta ninatembea," Koko akasema, "lakini saa kumi na mbili asubuhi, hata chai siwezi kuifikia."

Tangu hapo nikaanza kumchunguza Pamba kama polisi. Zamani alikuwa akiruka juu ya kijisanduku chake mara mia kwa siku. Sasa kijisanduku kimekaa, kimeshika vumbi. Manyoya ya mgongoni karibu na mkia yalikuwa yameshikana na kujaa mba, kwa kuwa sungura hujisafisha mwenyewe kwa ulimi, na mgongo usiopindika hauwezi kufikika. Kucha zilikuwa ndefu. Sehemu ya nyuma ilikuwa chafu, na hilo lina maelezo yake. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kipo kile kikavu tunachokijua sote, na kipo kingine laini chenye kung'aa ambacho yeye hukila moja kwa moja kinapotoka, maana kina vitamini alizotengenezewa tumboni. (Najua, najua, unakunja uso. Endelea kusoma.) Akishindwa kuinama, kile laini humgandia. Tena alikuwa akikojoa nje ya beseni lake, jambo ambalo mama alikuwa ameliita ukaidi. Haukuwa ukaidi. Ukingo wa beseni ulikuwa kama sentimita 15, na kwa nyonga zinazouma huo ni ukuta.

Jambo lililonishangaza ni kwamba katika hayo yote hakulia hata mara moja. Mbwa akiumia utamsikia mpaka ng'ambo ya mto. Sungura ni windo la kila mwenye meno, na huko porini anayeonyesha udhaifu ndiye huliwa kwanza, basi amejifunza kuumwa kimya kimya. Ujanja ule wa hadithi huutumia hata dhidi ya yule anayetaka kumsaidia. Lakini uso wake husomeka kwa mwenye subira. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha kipimo maalumu cha kusoma uchungu katika uso wa sungura: macho yanayofinywa, mashavu yaliyobonyea, pua iliyochongoka, sharubu zilizokakamaa, na masikio yaliyobanwa nyuma. Meno nayo husema. Ukimpapasa akiwa na furaha huyasaga taratibu, sauti ndogo kama ya paka anayekoroma. Akiyasaga kwa nguvu, kwa kelele, amejikunyata pembeni, hayo ni maumivu.

Baba alikuwa wa kwanza kuchukua hatua, nami namshukuru. Tulienda kwanza kwenye duka moja la dawa za mifugo, Pamba akiwa ndani ya katoni. Mwuzaji hakuifungua hata hiyo katoni. Alinyosha mkono rafuni akateremsha chupa ya amoksilini. Baba akauliza, "Hii ni ya sungura?" Yule bwana akajibu, "Mzee, mnyama ni mnyama." Baba alirudisha noti yake mfukoni tukaondoka. Baadaye tuliambiwa kwamba dawa hiyo ikipitia kinywani mwa sungura huua bakteria wema wanaoishi tumboni mwake, wale wabaya wakatamalaki, na sungura akafa kwa kuhara siku chache baadaye. Mnyama si mnyama.

Daktari wa mifugo tuliyempata hatimaye hutibu zaidi mbwa na paka. Alisomea Kabete, kama madaktari wengi wa mifugo nchini mwetu, na alikiri waziwazi kwamba wagonjwa wake wa aina ya sungura mzee wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nilimpenda kwa ukweli huo. Alimshika Pamba kifuani, mkono mmoja ukibeba matako, akanionya nisimwinue kamwe kwa masikio wala kumwacha aning'inie. Mifupa ya sungura ni myepesi mno, asilimia 8 hivi tu ya uzito wake, ilhali misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu ajabu. Akirusha teke moja huku mgongo haujashikiliwa, anaweza kuuvunja uti wake mwenyewe.

Akakunja na kukunjua kila kiungo polepole. Kwenye nyonga ya kushoto Pamba akasaga meno. Daktari alisema si kila sungura anayeburura miguu ana baridi yabisi. Yupo kijidudu kiitwacho Encephalitozoon cuniculi kinachoshambulia ubongo na figo, kikaidhoofisha miguu ya nyuma au kupindisha kichwa. Vipo vidonda vya nyayo, hasa kwa sungura wanaokaa juu ya waya. Upo uti wa mgongo ulioteguka. Na kwa jike asiyefungwa kizazi kama Pamba, upo uwezekano mkubwa wa saratani ya mfuko wa uzazi akishapita miaka minne, kwa hiyo alimpapasa tumbo pia. Picha ya eksirei, tuliyoipigia Nairobi kwa pesa ambazo zingenunua sungura wazima watano, ilionyesha nyonga zilizoparara na vijifupa vilivyochomoza kwenye pingili za mgongo wa chini.

Alinieleza kwa kalamu na karatasi. Mwisho wa kila mfupa umevikwa gegedu, kitu laini kinachoteleza kama ule mfupa mweupe wa kidari cha kuku, na katikati yake upo ute. Miaka ikipita gegedu hulika, ute hupungua, mfupa ukasugua mfupa, mwili nao ukijaribu kujitibu huotesha vijifupa vipya visivyotakiwa. Gegedu iliyokwisha hairudi. "Hatutamponya," akasema. "Tutampunguzia uchungu." Nami nikakumbuka kwamba Koko alikuwa ameambiwa maneno hayo hayo hospitalini wiki iliyotangulia.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Dawa aliyoandikiwa Pamba ni meloksikamu ya majimaji, ya kupewa kila siku, pengine kwa maisha yake yote. Usiku nikiwa chumbani niliwasikia wazazi wangu jikoni.

"Baba Naserian, dawa ya mama yangu imeisha juzi," mama alisema. "Sasa tununulie sungura?"

Baba alinyamaza kitambo. "Si nimesema hatutanunua ya mama. Nimesema tuone."

"Tuone na nini?"

Asubuhi mjomba alikuwa amepigiwa simu. Alifika akanivuta kando, akaniambia kwa upole, maana yeye si mtu mbaya, kwamba kumwacha mnyama ateseke ni dhambi kuliko kumchinja, na kwamba angefanya haraka, Pamba asingejua. Sikuwa na jibu la haraka. Hoja yake ilikuwa na uzito. Daktari mwenyewe alikuwa amesema ipo siku dawa haitatosha, na siku hiyo itakuwa ukatili kumng'ang'ania. Swali lilikuwa kama siku hiyo ilikuwa imefika.

Aliyejibu ni Koko. Alimwita mjomba, ambaye ni mwanawe wa mwisho, akamwuliza mbele yetu sote: "Anakula?" Mjomba akasema, "Anakula." "Anatafuta jua?" "Ndiyo, mama." "Basi mimi na yeye mtungoje kidogo." Mjomba akacheka, akakuna kichwa, akakaa kunywa chai.

Pesa zilipatikana kwa njia ambayo wasichana wa bweni langu hawataki kuisikia. Ni mkojo. Tuna sungura wengine wachanga wa baba, wanaoishi kwenye vizimba vya sakafu ya waya, na chini yake tuliweka bati lililoinama linalotiririsha mkojo kwenye mtungi. Wakulima wa mboga wanautafuta sana, huuchanganya na maji mengi wakanyunyizia sukuma wiki na nyanya kama mbolea na kufukuza wadudu. Jirani mmoja mwenye shamba upande wa Isinya huchukua wote tulio nao, shilingi 80 kwa lita. Si utajiri, lakini chupa ya meloksikamu hununuliwa kwa hiyo, na baba akaapa kwamba ya Koko haitakosekana tena. Kufikia sasa haijakosekana.

Dawa hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, kwa sirinji isiyo na sindano, ikaingizwa pembeni mwa kinywa nyuma ya meno ya mbele. Kipimo cha sungura si cha mbwa wala cha paka, kwa hiyo msomaji mwenye sungura nyumbani, tafadhali usikisie. Wala usimpe tembe za maumivu za binadamu. Kwa vile dawa hii inaweza kulemea figo, ni lazima anywe maji ya kutosha. Tuliiondoa ile chupa ya kuning'inia, tukamwekea bakuli zito la udongo ambalo halimlazimu kuinua shingo. Sasa hunywa mara mbili ya zamani.

Lakini nikikaa na kutafakari naona dawa ni nusu tu. Nusu nyingine ni uzito na sakafu. Pamba alikuwa na kilo 5.9, na kila gramu ya ziada ilikuwa juu ya nyonga zile. Daktari alitukataza kujaza bakuli la peleti. Sasa hupewa kijiko kimoja kikubwa asubuhi, na siku nzima hutafuna nyasi kavu, Boma Rhodes, ambazo kwa bahati nzuri zimejaa tele Kajiado. Marobota hupangwa kando ya barabara ya Namanga kama matofali. Nyasi humpunguza unene, hunoa meno yake yanayoota maisha yote, na huendesha tumbo. Majani ya viazi vitamu na dhania ni kiasi, karoti ni kipande cha kidole siku ya sikukuu. Ila asikose chakula kabisa! Sungura asiyekula kwa nusu siku ni mgonjwa wa dharura, kwa maana tumbo lake likisimama ni vigumu kuliamsha.

Kuhusu sakafu, kizimba cha zamani kiliondoka. Pamba analala jikoni juu ya gunia lililofunikwa blanketi kuukuu, mbali na upepo. Beseni lilikatwa upande mmoja kwa kisu cha moto likawa na mlango. Kijisanduku kikapata ubao wa kupandia, nao ukafungwa kipande cha zulia asiteleze, kwa sababu saruji iliyong'arishwa ni adui mkubwa wa miguu dhaifu. Usiku wa baridi kali huwekewa chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo. Kucha hukatwa kila baada ya wiki kadhaa. Sehemu ya nyuma hukaguliwa kila siku, ikilowa huoshwa kwa maji vuguvugu na kukaushwa vizuri, maana mkojo huunguza ngozi, na nzi wakitaga hapo funza humla mnyama akiwa hai. Jioni huachwa atembee nyumba nzima, kwa kuwa kiungo kisichotumika hukakamaa zaidi. Koko naye hutembea kwa amri ile ile ya daktari wake, kutoka kiti hadi lango na kurudi. Huwa wanapishana ukumbini.

Mafanikio yake? Wiki ya pili ya dawa alipanda ubao bila kusukumwa. Wiki ya tano manyoya ya mgongoni yalianza kung'aa. Kufikia Desemba alikuwa na kilo 5.1. Kuruka kama zamani hajaruka, na asubuhi za baridi bado hujivuta. Zipo siku mbaya. Mwezi Januari alikataa chakula tangu alfajiri, tukakimbilia kwa daktari, akalazwa siku moja akidungwa maji chini ya ngozi. Usiku ule mjomba alipiga simu mara tatu kuuliza hali yake.

Mimi niko bwenini na siwezi kumpa dawa. Kazi hiyo ameishika mdogo wangu, Naserian, wa darasa la tano, ambaye ameitengenezea daftari. Siku ya wazazi kututembelea aliniletea nilikague, ninalo hapa kitandani nikiandika. Ameandika tarehe, uzito, dawa, chakula, na safu ya mwisho ameiita "tabia". Sijui ni lini alianza kuwaweka wawili hao katika ukurasa mmoja, lakini ya Jumanne iliyopita inasema: "Pamba 5.0. Dawa amepewa saa moja. Amekula nyasi zote. Koko dawa amekunywa saa mbili. Amekataa uji, anataka chai. Wote wako kwa jua."